Ng'ombe wa Bibi Walipoisha

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwa bibi yangu katika kijiji kimoja cha Butiama, hatukuhesabu kitu chochote chenye pumzi. Magunia ya mahindi tulihesabu, matofali tulihesabu, hata vidonge vya bibi tulivihesabu mezani mbele yake. Lakini ng'ombe, watoto, vifaranga na wageni waliokaa sebuleni, hao hawakuhesabiwa. Bibi akikuona umenyoosha kidole huku midomo inakucheza, alikukatiza hapohapo, hata kama ulikuwa unahesabu wanafunzi kwenye picha ya shule. Alisema ukivihesabu vilivyo hai unamwonyesha yule anayechukua. Huyo anayechukua ni nani, hakuwahi kumtaja, nasi hatukuwa na haraka ya kumjua.

Mtaniuliza bibi alikuwa na ng'ombe wangapi. Sitawaambia. Nina vyeti vya mafunzo ya afya ukutani kwangu Kamunyonge, mjini Musoma, na bado sitawaambia.

Jioni bibi aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa zizi, ng'ombe wakapita mbele yake mmoja mmoja. Alikuwa akiwajua kwa majina. Sabuni, mweupe, alitangulia siku zote. Kulikuwa na Chumvi, na Kiziwi asiyesikia fimbo wala kelele, na wengine ambao siwataji wote, na karibu na mwisho Redio, aliyelia kutwa nzima bila sababu. Wa mwisho alikuwa Mama Mchungaji, ambaye alitembea taratibu huku akigeuza kichwa kulia na kushoto, kama anayepokea salamu mlangoni mwa kanisa. "Kiziwi hajaingia," bibi angesema, na baba mdogo Magesa, kitinda mimba wake aliyewachunga, angerudi porini bila kubisha. Hakuna ng'ombe aliyewahi kupotea.

Kisha mwaka nilipokuwa na miaka tisa akaja mtu wa chanjo, mgeni asiyejua mwiko wetu. Aliwahesabu ng'ombe wetu kwa kuchora alama za chaki kwenye nguzo ya zizi. Mwezi haukuisha, ndama watatu wakafa. Hao nawahesabu kwa sababu hawana pumzi tena. Bibi alichukua kitambaa chenye maji akafuta zile alama. Watu wazima walisema ni ugonjwa uliokuwa umekwisha kuingia kabla ya chanjo, nami leo najua walikuwa sahihi. Lakini nilikuwa mtoto, na nilichokiona nilikuwa nimekiona.

Mwaka uliofuata bibi akaanza kuchoka. Miguu ilivimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Kutoka jikoni hadi kwenye zizi alisimama njiani akijifanya anaangalia mawingu. Nilikuwa nikilala chumbani kwake, hivyo mimi ndiye niliyejua kwamba hakuweza tena kulala kwa kujinyoosha, alilala ameketi. Jina langu ni Nyangeta lakini yeye aliniita mke mwenzangu, maana nilirithi jina la mke mkubwa wa babu na ukali wake wote. "Mke mwenzangu, niinue kidogo," alisema alfajiri, nami nilimwinua.

Siku hizo ilikuwa imeanza kliniki ya moyo na kifua. Mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi, gari lilitoka Musoma na wauguzi, wakapanga meza kwenye darasa la katekisimu. Wazee walijaa kwenye mabenchi, wenye presha upande huu, wenye kukohoa upande ule. Nilimpeleka bibi. Nesi aliyetupokea aliitwa Prisca, mama mnene, mcheshi, wa Bunda.

"Mama, unalaliaga mito mingapi?"

Bibi alifikiri. Mito haina pumzi. "Mitatu," akajibu.

"Na watoto unao wangapi?"

"Mungu anawajua."

"Nauliza kwa ajili ya kadi tu, mama."

"Hiyo kadi nayo imwulize Mungu."

Benchi zima likacheka, na nesi Prisca akacheka kuliko wote. Alipima presha, akasikiliza kifua mbele na mgongoni, na alipoibonyeza miguu hakucheka tena. Alimpa vidonge, vingine vya moyo na vingine vya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Halafu akanivuta pembeni, chini ya dirisha.

"Wewe ndiye unalalaga naye?"

"Ndiyo, sista."

"Nyumbani kuna saa yenye mshale wa sekunde?"

"Ipo ukutani. Mshale mwekundu."

"Sasa sikiliza. Kila asubuhi, akiwa ametulia, uhesabu anavyopumua mpaka ule mshale uzunguke mara moja. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja."

Nilianza kulia. Nililia vibaya, kwa kwikwi, mpaka wazee wakageuka. Nilimwona bibi yangu amechorwa kwa chaki kwenye nguzo. Nesi Prisca aliponibembeleza nikamweleza yote, habari za chaki, za ndama na za anayechukua. Nilitegemea atanicheka kama walivyotucheka walimu. Hakunicheka.

"Hata kwa baba yangu ilikuwaga hivyohivyo," alisema. "Ng'ombe wenu wana majina?"

"Wanayo."

"Nitajie, kama wanavyotoka zizini asubuhi."

Nikamtajia, kuanzia Sabuni. Mikono yake ilikuwa mfukoni mwa koti, na niliuona mfuko ukitikisika kila nilipotaja jina. Nilijua anafanya nini humo ndani. Nikajifanya sijaona.

"Basi usihesabu," alisema nilipomaliza. "Bibi akivuta pumzi, wewe mtoe ng'ombe mmoja zizini. Ukimfikia Redio kabla mshale haujazunguka, nijulishe kliniki ijayo. Ukimfikia Mama Mchungaji, usiningoje mimi. Mwambie baba yako mdogo amlete Musoma siku hiyohiyo. Umeelewa?"

Niliitikia. Ndivyo nilivyoanza kazi ambayo naifanya mpaka leo, ingawa wakati huo nilidhani ni siri ya watu wawili.

Sikutulia tena. Kila asubuhi, kabla sijavaa sare, nilifungua mlango wa chumba ili niione saa ya sebuleni, nikakaa ukingoni mwa kitanda na kuwatoa ng'ombe kwa kunong'ona. Sabuni, Chumvi, Kiziwi. Shuleni niliwatoa wakati wa hesabu. Nikicheza rede na wenzangu niliwatoa, nikapigwa mpira kichwani. Mchana nilikimbia njia nzima kurudi nyumbani, na nikimkuta bibi anachambua mboga kivulini, nilimkasirikia kwa jinsi alivyonitia hofu bila sababu. Vidonge vilimsaidia. Kwa wiki nyingi mshale ulizunguka kabla ng'ombe hawajafika hata kwa Redio, na bibi akarudi kukaa kwenye kigoda chake jioni.

Halafu ikaja harusi ya mjukuu wa dada yake, kijijini Nyegina. Bibi alikwenda siku tatu, na vile vidonge vya mkojo akaviacha makusudi nyumbani chini ya mto. "Nikae harusini natoka kila dakika kama kuku anayetafuta pa kutagia?" alituambia aliporudi. Alikuwa amekula dagaa wa chumvi, amecheza, amefurahi kabisa. Miguu ilikuwa imejaa mpaka vifundo havionekani. Alivimeza vidonge alivyoviacha, akasema mambo yatakaa sawa.

Jumapili nilimpita Redio. Jumatatu nikamfikia Mama Mchungaji, na mshale mwekundu ulikuwa bado haujamaliza mzunguko.

Hapa ndipo ninapotaka nisimulie haraka, nipite. Nilikuwa nimeambiwa la kufanya na nililielewa. Lakini zizi lilikuwa limebaki tupu na bibi bado anavuta pumzi, na mimi nilijua maana ya zizi tupu. Niliona nikisema kwa sauti kwamba ng'ombe wameisha, basi wataisha kweli, na yeye pamoja nao. Nikamwongeza Harusi. Harusi alikuwa amekufa kwa kiangazi miaka miwili nyuma, lakini jina lake lilikuwepo bado mdomoni. Baada yake nikamtoa Mgeni, aliyekufa kwa kuumwa na nyoka. Mshale ukamaliza mzunguko nikiwa bado na ng'ombe wa akiba. Nikavaa sare, nikaenda shule.

"Bibi ameamkaje?" baba mdogo aliniuliza uani.

"Vizuri," nikamjibu.

Jumanne nilifanya hivyohivyo. Jumatano nikawaongeza na wale ndama watatu, ambao hata majina walikuwa hawajapewa. Nilisema tu ndama, ndama, ndama.

Alhamisi bibi alikuwa ameegemea ukuta, midomo imebadilika rangi, macho amefumba. Nilianza kama kawaida. Ng'ombe walitoka mbio siku hiyo, sikuwahi kuwaona wakitoka namna ile. Nilipotaja Harusi, akafumbua macho.

"Umemwita nani?"

"Nani, bibi?"

"Huyo wa sasa hivi."

"Harusi."

"Harusi alikufa." Akavuta pumzi, akavuta nyingine. "Kile kiangazi. Ulilia wewe."

Nje Redio alikuwa analia, anataka kufunguliwa.

"Nakusikiaga kila siku unavyowaita," alisema bibi. "Nilifikiri unawaombea. Sasa ninaona unawapitisha kwa pumzi zangu." Alipumzika. "Walio hai wameishia wapi leo?"

Nilinyoosha kidole kwenye saa, nikamwonyesha mahali mshale ulipokuwa Mama Mchungaji alipotoka. Haukuwa umefika hata nusu ya uso wa saa. Aliangalia pale. Nilitegemea ataniambia nimemwonyesha kwa anayechukua, na nilikuwa nimejiandaa kufa.

"Mke mwenzangu," akasema, "usinitilie mizoga zizini kwangu. Kama wameisha, sema wameisha. Mwite Magesa."

Nilitoka mbio bila viatu. Mwalimu mmoja jirani alikuwa na gari, wakamweka bibi kiti cha mbele, ameketi wima, kwa sababu akilazwa alikuwa anazama. Nami nilipakiwa nyuma kwa kuwa nilikataa kushuka. Njia yote hadi Musoma nilimwangalia mgongo na sikumtoa ng'ombe hata mmoja.

Hospitali walimtoa maji, wakambadilishia dawa, akapona kwa namna ya kupona. Nilikuwa kwenye benchi la korido daktari aliposema na baba mdogo. Alisema haya maji hayakujaa siku moja. Alisema mngemwahisha siku mbili tatu nyuma, moyo usingechoka hivi. Baba mdogo alijibu kwamba mtoto analala naye na alikuwa anasema yuko vizuri. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema tu kama mtu anayeeleza ilivyokuwa, na mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu, ambavyo vilikuwa na vumbi la nyumbani.

Bibi aliishi mvua mbili zaidi. Hakufika tena kwenye mlango wa zizi. Jioni baba mdogo aliwazungusha ng'ombe wapite mbele ya dirisha la sebule, wakakanyaga maua yote, na bibi akawaita akiwa kitini. Zile siku tatu zangu alizijua peke yake, na hakumwambia mtu. Mara moja tu, nilipomnyima mgeni maziwa nikisema yameisha na yalikuwepo, alinitazama na kusema, "Wewe unajua kuongeza na kupunguza." Nikamletea mgeni maziwa.

Watu huniuliza kama bado ninaamini. Sijui niseme nini. Mwenye chaki alihesabu na ndama wakafa, hilo lilitokea. Mimi nilihesabu, maana kutaja majina kulikuwa kuhesabu tu, na bibi aliongezewa mvua mbili. Kinachoninyima raha mpaka leo si kuhesabu. Ni zile asubuhi tatu nilizosema vizuri. Sasa mimi ni mhudumu wa afya wa jamii. Kabla ya siku ya kliniki ninapita nyumba kwa nyumba mtaa wa Iringo na kwetu Kamunyonge, na kila nyumba kuna mtu anayeniambia mgonjwa anaendelea vizuri, jana amekula, leo ametembea mpaka nje. Ninamsikiliza, na ndani ya maneno yake ninamsikia Harusi anapita. Hapo huwa ninatoa simu, ninawasha ile saa ya sekunde, na ninakaa ukingoni mwa kitanda mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikwenda Butiama kumwona baba mdogo Magesa. Amezeeka, na yeye sasa moyo umeanza kumsumbua. Nilimkuta kwenye kiti cha bibi, dirishani. Aliniambia hana shida, ni mafua tu ya baridi ya asubuhi, na mkewe akasema ni mafua. Nikakaa. Nikawasha saa ya simu, nikaanza kumwangalia kifua. Hakuna hata ng'ombe mmoja wa wale aliye hai leo, lakini ukiwa umejifunza kwa majina hayo huwezi kubadilisha.

Baba mdogo, ambaye bibi alikuwa amemweleza kazi ya majina hayo, aliniangalia midomo.

"Unatoa ng'ombe wa mama?"

"Ndiyo, baba."

"Umefika wapi?"

Ningeweza kusema Kiziwi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananiomba kwa macho niseme Kiziwi.

"Mama Mchungaji," nikasema. "Na dakika bado."

Alitazama nje, kule zizi lilipokuwa. Kisha akashika mikono ya kiti, akajiinua nusu.

"Basi nipe viatu vyangu."

Havikuingia, miguu ilikuwa imejaa. Nikavua ndala zangu, nikapiga magoti, nikamvalisha.