Niliiambia Kompyuta ya Mto Isisubiri

Kosa ni langu. Si la kompyuta, si la wataalamu walioileta, wala si la shetani kama wanavyosema huku kwetu ziwani. Nivumilieni, ndugu zangu.

Mimi ni mzee, mwalimu wa dini katika kigango kimoja cha ufuko wa Ziwa Nyasa. Mungu amenijalia mengi: mke mwema, watoto, na afya njema. Na tangu milango ya nchi ifunguliwe na miradi ianze kufika hata huku, nilijaliwa pia kukabidhiwa kompyuta.

Mradi ulikuwa wa mafuriko. Kompyuta moja ilikaa Mbinga mjini. Ilipokea vipimo vya mvua kutoka Maguu na vijiji vingine vya milimani, kisha ikaigiza kwa hesabu jinsi maji yatakavyoteremka. Ya pili, yangu mimi, ilikaa ofisi ya kijiji, ikitumia umeme wa jua. Iliigiza jinsi mto wetu utakavyojaa kwenye mashamba ya mpunga kabla ya kuingia ziwani. Zilizungumza kwa redio.

Kumbe kuzungumza kwenyewe ni kazi! Programu zile zilitengenezwa na watu wa nchi tofauti, kila moja na namna yake ya kupima na kuhesabu. Mtaalamu wetu, dada mmoja mpole, alitengeneza programu ya tatu ya kuzipatanisha. Akaweka sheria: kompyuta yangu isisogeze mto wake hata saa moja mbele mpaka Mbinga ilete maji ya saa hiyo. Isipoletewa, isimame.

"Itakuchosha, Mwalimu," aliniambia. "Redio ni ya polepole. Lakini iache isubiri. Kitufe hiki cha kuzuia kusubiri ni cha majaribio tu. Ukikibonyeza, itachukua maji ya mwisho iliyoletewa na kuendelea nayo, hata kama huko juu mambo yamebadilika."

Nilisema nimeelewa. Na kweli nilielewa! Hilo ndilo linaloniua.

Siku moja wakaja wageni wa wilayani pamoja na wafadhili. Kwetu mgeni hunawishwa mikono na kuandaliwa samaki kabla hajasema ana njaa. Kumketisha mbele ya kitu kilichokwama ni aibu ya kijiji kizima. Na kompyuta, ee Mungu wangu, ikakwama! Ilikuwa inaisubiri Mbinga. Wageni wakaanza kutazama saa zao. Mwenyekiti wa kijiji akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, vipi tena?"

"Inasubiri habari za Mbinga."

"Wageni wamekuja kuona mto, hawakuja kusali sala ya kimya. Fanya kitu, mzee wangu, unatuaibisha."

Nikabonyeza.

Mto wa kwenye kioo ukakimbia kama umefunguliwa. Makofi! Mfadhili mmoja akanipa mkono. Nikavimba kichwa, mimi ninayewafundisha watoto unyenyekevu.

Wageni walipoondoka sikuirudisha kwenye kusubiri. Ilikuwa nyepesi sasa, ilitoa jibu kabla chai haijapoa, na watu walishazoea kupita asubuhi kuuliza hali ya mto. Nikajiambia nitairudisha mvua zikikolea. Zikakolea. Sikuirudisha.

Asubuhi ile mke wangu alipita ofisini na jembe begani, yeye na jirani yetu Mama Kandida.

"Mto unasemaje, Mwalimu? Maana siku hizi unaongea nao kuliko unavyoongea na mimi."

"Mwache, dada," Mama Kandida akasema, "mwenzio kaoa mke mdogo wa kioo."

Tukacheka wote. Nikatazama kioo. Mstari wa maji ulikuwa chini, umetulia. Na juu ya ziwa mbingu ilikuwa safi kabisa.

"Nendeni mkapalilie," nikasema. "Leo hakuna maji."

Mchana nikasikia mngurumo. Nikadhani ni lori, lakini haukupita. Nikatoka nje. Mto ulikuwa mwekundu, unabeba migomba mizimamizima!

Nikarudi mbio kwenye kompyuta. Mstari ulikuwa palepale, umetulia! Nikafungua ujumbe wa redio. Ulikuwa umejipanga, saa baada ya saa, tangu alfajiri: maji, maji zaidi, maji mengi mno. Mbinga ilikuwa inatupigia kelele, na mimi ndiye niliyeiziba kompyuta yangu masikio.

Nilikimbia, na umri huu. Mashamba hayakuwapo tena. Nikamwita mke wangu, sikujibiwa. Nimefundisha sala maisha yangu yote, lakini saa ile sikukumbuka hata moja. Nilisema tu, "Baba, Baba."

Wavuvi wenye mitumbwi ndio waliompata, yeye na wanawake wengine, wamesimama juu ya kichuguu, maji yakiwafika magotini. Mama Kandida hakuwa nao. Alikuwa kwenye shamba la chini. Ziwa lilimrudisha kesho yake.

Na nani aliongoza sala za mazishi? Mimi! Mumewe alinishika mikono miwili akanishukuru. Nikanyamaza.

Watu walisema mashine imeongopa. Wataalamu wakaja, wakaamua kwamba programu zao hazipatani, wakabeba kompyuta zote mbili. Nikanyamaza tena. Yule dada mpole aliondoka analia. Sasa mto wetu hauna anayeutazama, na kila wingu likisimama juu ya Maguu, najua ni nani aliyeleta hali hii.

Juzi nilimwambia mke wangu yote.

"Kwa hiyo Mbinga waliiona mvua?"

"Waliiona."

Akainuka, akaenda kukaa nje.

Namshukuru Mungu kwa kumwacha hai. Padri niliyemwungamia ameniagiza niende kwa mwenye msiba, na mtaalamu nimwandikie ukweli. Barua ya mtaalamu nimeshaituma. Kwa jirani bado. Nafika uani kwake, nageuka.

Ninyi mliokabidhiwa mashine zinazotegemeana, nawasihi! Ikisimama kuisubiri nyingine, iacheni isimame. Mwambieni mgeni aongeze samaki, akae, asubiri. Mimi nilimwonea haya mtu ambaye hata jina lake silikumbuki, na sasa naogopa kubisha hodi nyumba ya pili.