Penseli ya Linah

Kipketer hakuwa mtu wa kuazimisha vitabu. Alikuwa navyo hamsini na tatu, amevipanga juu ya kabati la vyombo nyumbani kwake Molo, na majirani walijua hapo hakuna la kuomba. Ukitaka viazi vya mbegu, utapewa. Ukitaka kitabu, utavutiwa kiti usome papo hapo, naye akae akikutazama mikono.

Asubuhi alipima maziwa ya wakulima kwenye mtambo wa kupozea, na lori likishaondoka alikuwa huru kusoma. Mkewe Linah alisoma pia, ila yeye hakujua kusoma kimya. Alishika penseli akagombana na wahusika pembeni mwa ukurasa. Kitabu kilichopata ugomvi mwingi zaidi kilikuwa riwaya ya mwanamume anayerudi kwake baada ya miaka ishirini, akitaka apokelewe kama mtu aliyetoka dukani. Jina la riwaya hiyo sitalitaja, msije mkaitafuta mkanilaumu, maana bila Linah haina ladha. Pale mwanamume anapoapa, Linah aliandika: "Muongo huyu." Pale anapolia: "Lia tu." Na katikati, penye maelezo marefu ya mvua, aliandika: "Kip, najua umeruka hapa. Rudi usome." Alikuwa ameruka kweli.

Linah alifariki miaka minne iliyopita. Hakuacha sauti yake kwenye simu wala popote pengine. Basi kila Juni, baridi ya Molo inapouma, Kipketer alikifungua kile kitabu chenye jalada la karatasi ya kaki, alilolikunja Linah mwenyewe, akamsikiliza mkewe kwa siku tatu nne. Habari za yule mwanamume hakuzijali tena. Alisoma penseli.

Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu. Omolo alikuwa fundi viatu mjini Nakuru, mjukuu wa wafanyakazi wa reli, na msomaji asiyechoka kubishana. Kila Jumamosi Kipketer alishuka kwake, wakakaa kibandani katikati ya soli na gundi, wakachambua vitabu hadi wateja wakakasirika. Miaka miwili Omolo aliomba akione kitabu cha Linah, na miaka miwili alinyimwa. Kisha daktari akaona uvimbe kooni mwake. Jumamosi iliyofuata Kipketer alikileta bila kuombwa.

"Nirudishie Juni," alisema.

"Juni ni mbali, boss," Omolo akajibu, sauti imeshaanza kukwaruza.

Alifariki Mei. Kipketer alikuwa amemtembelea hospitalini mara mbili, na mara zote mbili alirudi bila kukitaja kitabu. Utamuuliza mgonjwa kitabu kwa uso gani? Siku ya mazishi alivaa koti lake la kanisani, akakunja mfuko akautia ndani ya koti, na safari nzima aliuonea aibu ule mfuko.

Mwili uliletwa kwanza nyumbani, kwenye zile nyumba za zamani za reli, watu wapite kuuaga. Zamu yake ilipofika, Kipketer alikiona kitabu. Kilikuwa jenezani, juu ya kifua cha Omolo, chini ya mikono yake, kaki imechakaa pembeni.

Joyline, binti wa Omolo, aliyemjua kwa jina la Mzee tu, alimvuta kando. Alimweleza kwamba baba yake aliposhindwa kula, alitaka hicho kitabu tu. Hadithi yenyewe aliiruka, akatafuta maneno ya penseli. Nguvu za kukishika zilipokwisha, wao walimsomea, naye akacheka bila sauti hadi mabega yakatikisika. Kwa hiyo familia imekubaliana aende na kitabu chake.

"Mzee, wewe ndio mlikuwa mnasoma na yeye," Joyline alisema. "Huyo mama wa penseli, unamjua?"

Maneno mawili yangetosha. Angesema mke wangu, na Joyline, alivyo na adabu, angekitoa jenezani mwenyewe na kumwomba msamaha. Kipketer alikitaka. Alikitaka hadi akamkasirikia maiti, rafiki yake wa miaka kumi na minane, na hasira hiyo ikamtia hofu. Akageuka kutazama tena. Mtu alikuwa ameikunja ile mikono juu ya kitabu kwa uangalifu, kidole kwa kidole.

"Simjui," alisema. "Lakini naona alikuwa mtu wa kuchekesha."

"Sana," Joyline akasema, kisha akalia.

Jeneza lilifungwa. Kipketer alitupia udongo wake kama wengine, akarudi Molo na mfuko mtupu. Kufiwa na rafiki kulimuuma, na kitabu kilimuuma, lakini kilichomnyima usingizi wiki nzima ni kwamba alisimama mbele ya Joyline akasema hamjui Linah.

Juni ilipofika aliipata nakala nyingine ya ile riwaya kwa muuza vitabu vikuukuu mjini. Ilikuwa safi, haina alama hata moja. Aliivika kaki, akachonga penseli, akakaa kwenye kiti cha Linah kuyarudisha maneno yake. "Muongo huyu" aliliweka mahali pake. "Lia tu" pia. Penye mvua aliandika kwamba Kip ameruka, arudi asome, na safari hii alisoma kila mstari.

Zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Miaka yote alidhani ameyashika kama sala, kumbe yalikaa kwenye karatasi tu. Alifika ukurasa ambao alikumbuka vizuri kwamba Linah aliujaza hadi chini, na kwamba walicheka hadi chai ikapoa. Alingoja. Majirani wakaleta maziwa ya jioni, wakaita mlangoni, hakutoka. Mwishowe akaandika pembeni, kwa mwandiko wake mbaya: "Linah, hapa ulisema nini?"

Akafunua ukurasa uliofuata, akaandika vilevile.