Kamera ya baba inasema 2008, sekretere anasema mwanangu si yeye

"Mama, huyu wa kwenye photo si huyu mutoto."

Hapo ndipo uvumilivu wangu uliisha, wakuu.

Salamu kwenu wote. Naandika kutoka Goma, mkikuta Kifaransa kimejichomeka humu kivukeni tu. Yote nitakayosema yametokea, pamoja na yale ambayo mkosaji ni mimi mwenyewe.

Picha ilikuwa mezani kwa sekretere wa shule. Mwanangu Furaha, miaka mitano, alikuwa amesimama mbele ya meza hiyo hiyo. Sweta ya njano kwenye picha, sweta ya njano mwilini. Hata kifungo kilichokatika ni kile kile.

Shule inataka kila mtoto wa chekechea alete photo akiwa na mtu atakayekuja kumchukua saa sita, ili asije akapewa mgeni. Sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Anayemchukua Furaha ni mama yangu, anamuita koko. Niliwapiga picha mwenyewe nyumbani kwetu Munigi, kwa sababu kazi yangu ndiyo hiyo: ubatizo, watoto wachanga, watu wanaotaka kuwatumia ndugu zao picha.

Lakini chini kwenye kona, kwa rangi ya machungwa, kamera iliandika 01/01/2008.

Mara ya kwanza sekretere aliirudisha, eti ni ya zamani. Nikapiga nyingine. Nayo ikatoka 01/01/2008. Akairudisha. Mara ya tatu nikasema basi, nampelekea mtoto mwenyewe amuone.

"Papa, muangalie mutoto. Iko hapa mbele yako," nikamwambia sekretere.

"Miye niko naangalia papier, mama. Papier inasema 2008. Mutoto wa 2008 leo anatafuta bwana!"

Wazazi kwenye benchi wakacheka. Jamaa akaona amepata watazamaji, akamuinamia Furaha: "We, huyu ni we ao ni dada yako mukubwa?"

Furaha alishika sketi yangu.

Niligonga ile meza mpaka kikombe chake cha chai kikaruka. "2008 miye mwenyewe nilikuwa masomo ya primaire! Nilimuzaa nikiwa na crayon mukononi?" Niliongeza na maneno mengine ambayo moderator atayafuta, kwa hiyo nayaacha. Tukatoka.

Njiani nilikuwa bado naongea peke yangu kama redio. Furaha akanivuta mkono.

"Mama, ule wa kwenye photo si miye?"

"Ni we."

"Na ule papa anajua?"

Wakuu, nilimbeba, ingawa siku hizi hapendi kubebwa, anasema yeye ni mkubwa. Siku hiyo alikubali.

Kesho yake asubuhi nikaamua: nafanya upgrade. Hii kamera imeniaibisha vya kutosha.

Nikaenda mjini kwa Papa Idi, muuzaji wa vyombo vya picha. Wazee wake walikuja na biashara kutoka Maniema, naye amerithi mdomo wao wote. Akanitolea kamera ndogo mpya, wanaiita compact: nyepesi, zoom ndefu, na inatuma picha kwenye simu bila waya. Niliijaribu kwa kumpiga picha mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu cha karoti. Kila jani lilionekana. Nisidanganye, niliitamani.

Halafu nikauliza inakula nini. Betri yake ya ndani, ya kuchajiwa. Kwetu umeme unakuja kama mgeni asiyependa kukaa. Kamera yangu ya zamani inatumia piles mbili, zile betri ndogo za redio, zinauzwa kila kona. Wewe uko katikati ya ubatizo, zimekufa, unanunua nyingine, unaendelea.

Ila lenzi yake inasaga vumbi jeusi la kwetu, ikifunguka inalia kama mlango wa choo. Na ikikaa dakika mbili bila piles, inasahau tarehe.

"Acha hiyo kwangu, nitakupunguzia bei ya hii mupya," akasema Papa Idi. Haikuwa na piles ndani; akaitia zake, akaiwasha aipime. Kioo kikauliza tarehe. Akanitazama juu ya miwani.

"Mama, hii kila siku inakuuliza?"

"Kila nikibadilisha piles."

"Na we unaijibu nini?"

"Nabonyeza OK, napita."

"Astaghafirullah! Kamera inakuuliza kwa adabu, we unaipita kama mutu anayekudai. Sasa kosa ni ya nani?"

Ni langu. Nilisema nitasema ukweli, ndio huo. Lakini si kwamba sikujua kuirekebisha. Najua vizuri kuliko Papa Idi.

Kamera ilikuwa ya baba yangu. Alipiga nayo harusi, kuanzia hapa mpaka Kibumba. Kila akibadilisha piles alikuwa ananiita: "Mama, leo ni ngapi?" Mimi ni binti yake, lakini nilipewa jina la mama yake, ndiyo maana aliniita mama. Nilikuwa nakimbia kwenye kalenda ukutani, narudi na tarehe, yeye anabonyeza. Nilidhani hajui. Nilikuwa mkubwa ndipo nikaelewa alikuwa ananifundisha kusoma namba.

Alipofariki, piles zake zilikuwa bado ndani. Nilizitumia mpaka zikaisha. Nilipoweka mpya, kioo kikauliza tarehe, na hakukuwa na mtu wa kuniita. Nikabonyeza OK. Nikasema nitarekebisha kesho. Ile kesho ina miaka mitatu sasa.

Nadhani Papa Idi aliona uso wangu. Akaisukuma kamera upande wangu wa meza.

"Miye ni mchuuzi, dua yangu ni kuuza. Lakini hii siichukui leo. Nenda ulale nayo kwanza."

Nikarudi nayo Munigi. Nilitoa piles, nikaweka mpya, nikamuita mwanangu.

"Furaha, leo ni ngapi?"

Akakimbia kwa koko. Nikasikia wanabishana huko ndani. Akarudi anahema na namba sahihi, tukabonyeza pamoja, kidole chake chini ya changu. Kisha nikawapiga picha tena, yeye na koko, na alitaka mwenyewe kuvaa ile sweta.

Kwa hiyo compact mpya sijachukua. Labda mwakani lenzi ikigoma kabisa. Ila nililojifunza ni hili: nilitaka kubadilisha chombo kwa sababu nilikuwa naogopa swali moja dogo. Mwenye kamera ya zamani aniambie anaisafishaje lenzi ikiingia vumbi. Na mwenye kuona nimekosea kubaki nayo aseme tu, nimezoea kurushiwa mawe wiki hii.

Kosa langu nimelikubali. La sekretere sijalisamehe. Nilimwandikia mkuu wa shule barua, nikaipeleka kwa mkono, nikasubiri mpaka wakagonga muhuri kwenye kopi yangu. Hii hapa, nimeondoa majina tu:

*Kwa Bwana Mkuu wa Shule,*

*Yahusu: malalamiko dhidi ya sekretere wako.*

*Tarehe iliyokuwa kwenye picha mbili za kwanza ilikuwa na makosa, na makosa hayo ni yangu. Kwa hilo naomba radhi.*

*Lakini mtoto alikuwa amesimama mbele ya meza. Sekretere alikataa kumtazama, kisha akamtania mbele ya watu mpaka mtoto akaniuliza kama yeye ndiye yeye. Ofisi inayolinda watoto wasipewe wageni haiwezi kumfanya mtoto awe mgeni kwa nafsi yake.*

*Siombi afukuzwe wala akatwe mshahara. Naomba amuite binti yangu kwenye meza ile ile, amtazame usoni, amsalimu kwa jina lake lote, na amwambie: huyu ni wewe.*

*Nitakuja naye Jumatatu.*

*Kiambatisho: photo moja, tarehe imewekwa na mtoto mwenyewe. Sweta ni ile ile.*