Ponti ya Gari Namba Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufunguo wa boliti wala ovaroli. Shefu wa garaje, muzee mfupi wa upande wa Lubero aliyeweka kalamu nyuma ya sikio siku zote, alinipangia beseni tatu za mafuta mezani, akaniambia nichovye kidole katika kila moja. Nilikuwa nimetoka Bukavu miezi miwili tu, diploma yangu ya ufundi ikiwa bado ndani ya bahasha, na katika garaje ile ya Katindo, hapa Goma, nilikuwa mwanamke peke yangu. Mafundi wanne waliacha kazi zao kutazama kama nitakubali kuchafuka.

“Sugua kwa vidole, Furaha. Kisha nusa,” alisema shefu.

Beseni ya kwanza ilikuwa na mafuta ya injini, mepesi. Ya pili yalikuwa ya giaboksi. Ya tatu yalikuwa mazito, yanavutika kama asali, na harufu yake ilinirudisha nyuma hatua moja.

“Yananuka kama moshi wa mulima,” nilisema. Hata mgeni wa Goma haikawii kumfikia ile harufu ya kiberiti upepo ukigeuka kutoka Nyiragongo, ule mlima wa moto.

“Haya ndiyo ya ponti,” alijibu. “Lakini pua inakuonya tu. Mwenye kuamua ni kitabu cha gari.”

Kwa nyinyi mnaoanza kazi leo, ponti ndiyo lile boksi la mviringo mnaloliona katikati ya ekseli, chini ya gari. Ndani yake mna meno ya chuma yanayopokea nguvu kutoka giaboksi na kuigawa kwa magurudumu mawili, ili kwenye kona gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani. Gari la katr-katr, lile linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, lina ponti mbili, ya mbele na ya nyuma. Shefu alinifundisha kwamba meno ya ponti hayakutani tu kama ya giaboksi. Yanasuguana kwa kuteleza, yakiwa yamebeba uzito wote. Mafuta ya kawaida yanafutwa pale, chuma kinabaki kinakula chuma. Ndiyo maana mafuta ya ponti yanatiwa dawa yenye kiberiti inayong’ang’ania chuma. Na dawa hiyohiyo, katika giaboksi nyingi, inakula zile pete za shaba zinazolainisha kubadilisha gia. Kila chombo na mafuta yake.

Kwenye bidoni, yaani dumu la mafuta, mtaona herufi GL na namba. Nne ni ya giaboksi nyingi, tano ni ya ponti. Mtaona pia namba za uzito, kama ile tuliyozoea kuitaja kwa Kifaransa, quatre-vingt, quatre-vingt-dix, yaani themanini, tisini: ya kwanza inaeleza mafuta yatakavyokimbia asubuhi ya baridi, ya pili inaeleza yatakavyobaki mazito yakishika moto. Kwa gari linalobeba mizigo mizito milimani, kitabu mara nyingine kinataka mazito zaidi. Someni kitabu.

Baada ya miaka sita Katindo, nilichukuliwa na shirika dogo la afya lililokuwa na garaje yake kwenye barabara ya Sake, karibu na Mugunga. Tulikuwa na magari saba. Yalipeleka chanjo na madawa milimani, yakarudi na wagonjwa. Mkubwa wangu sasa alikuwa Mkuu wa lojistiki, mtu mwenye heshima na haraka nyingi, aliyesomea mambo ya usafirishaji lakini hakuwahi kulala chini ya gari.

Msimu mmoja barabara zilifungwa na mapipa yetu ya mafuta yakakwama njiani. Gari namba tatu lilikuwa limevuka mto, maji yakaingia kwenye ponti ya nyuma. Nilipofungua kizibo cha chini, mafuta yalitoka meupe kama chai ya maziwa. Ilibidi yamwagwe yote. Sitooni mlikuwa mmebaki mafuta ya giaboksi tu.

Nilimwendea Mkuu ofisini.

“Haya si ya ponti,” nilimwambia. “Tungoje.”

“Mama Furaha, mafuta ni mafuta. Kesho gari linapanda na chanjo. Watoto nao wangoje?”

Nilirudi chini, nikaweka mafuta ya giaboksi katika ponti ile kwa mikono yangu, nikafunga kizibo, nikatia sahihi kwenye karatasi ya kazi. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimesema mara moja, kwa sauti ndogo, nikaona inatosha.

Gari lilifanya safari mbili bila neno. Safari ya tatu, saa nne asubuhi, redio ya ofisini iliniita. Alikuwa Papa Bahati, shofere wetu, mtu wa Rutshuru asiyejua kupandisha sauti.

“Mama Furaha, ponti ilianza kulia tangu kule juu, kama jiwe ndani ya kinu. Sasa imekatika. Magurudumu ya nyuma yamekamatana. Niko kwenye mupando, mbele ya kushuka Sake.”

“Uko na nani?”

“Na nesi. Na mama wa mimba. Mutoto amekaa kikingamo, wanamungojea mama kumupasua huko Goma.”

Gari jingine lililokuwa karibu zaidi lilihitaji saa nne kumfikia. Nesi aliingia redioni akasema mama yule hana saa nne.

Nilivuta kiti, nikakaa, kwa sababu nikiwa nimesimama sikuweza kufikiri. Kisha nikakumbuka jinsi ponti ya gari lile ilivyoundwa. Magurudumu yake ya nyuma yanashikwa na beringi zake yenyewe. Zile fimbo mbili za chuma zilizo ndani ya ekseli kazi yake ni kuyazungusha tu. Ukizivuta nje, gurudumu halianguki. Linabaki huru.

“Papa Bahati, weka mawe makubwa chini ya magurudumu yote. Umeweka?”

“Nimeweka.”

“Ingia chini, ufungue kardani ya nyuma, ule mti wa chuma unaotoka giaboksi kwenda kwenye ponti. Utoe kabisa.”

Wanaume waliokuwa wakilima karibu walikuja kumsaidia. Niliwasikia wakisemezana Kinyarwanda na Kihunde, na nesi akimwambia mama apumue polepole.

“Kardani imetoka.”

“Sasa katikati ya kila gurudumu la nyuma kuna kifuniko chenye boliti. Fungua, piga kidogo na nyundo, kisha vuta. Fimbo itakuja ndefu, usiogope. Ziba tundu kwa plastiki na kitambaa.”

Fimbo ya kwanza ilitoka upesi. Ya pili ilikataa. Nilimsikia akipiga, akipumzika, akipiga tena. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni kwangu, ameshika kofia yake mkononi.

“Imetoka,” alisema Papa Bahati hatimaye.

“Geuza vile vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele ili yashikane na ekseli, weka katr-katr, uondoe mawe. Ponti ya mbele itavuta peke yake. Nenda kwa gia ndogo.”

Redio ilinyamaza. Halafu nikasikia injini, na sauti yake: “Inapanda, mama. Inapanda.”

Ponti ya mbele ilipona kwa sababu zamu yake ya kubadilishwa mafuta ilikuwa haijafika. Sijidanganyi kwamba ile ilikuwa akili yangu. Ilikuwa neema.

Nilitoka kusimama kwenye geti. Gari namba tatu lilipita Mugunga bila kupunguza mwendo, kardani yake imefungwa juu ya paa kwa kamba ya mbuzi, likaenda moja kwa moja hospitali. Alasiri nesi alikuja garaje kutuambia: mutoto ni msichana, analia vizuri, na mama yake ameomba uji.

Siku iliyofuata nilifungua ponti ile. Vipande vya meno vilikuwa vimeganda kwenye sumaku ya kizibo kama punje za mchele. Mkuu aliinama kando yangu, suruali yake safi ikigusa sakafu.

“Nani aliweka mafuta haya?”

“Mimi.”

“Kwa amri ya nani?”

“Yako. Lakini mimi ndiye niliyejua.”

Aliokota kipande kimoja, akakigeuza kwenye vidole.

“Mimi sikujua,” alisema. “Na sikukuuliza. Nifundishe.”

Nikaleta beseni tatu.

Tangu hapo hakuna pipa lililonunuliwa bila fundi kulisoma kwanza, na gari lililokosa mafuta yake lilibaki ndani, geti limefungwa, hata kama Dokta mkuu wa shirika mwenyewe angelalamika. Tuliandika ukutani, kwa rangi, mafuta ya kila gari. Tulipopokea gari lenye ponti ya kujibana, ile inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake kwenye matope, likaanza kunguruma kwenye kila kona, ni Mkuu aliyenitangulia kusema: “Hii inataka mafuta yenye dawa yake ya pekee. Iko kwenye kitabu, ukurasa wa nyuma.” Nilifurahi kuliko siku ya diploma.

Nimestaafu sasa. Magoti yangu hayapendi tena sakafu ya simenti. Garaje ile ina mafundi wanawake watatu, na hakuna anayeacha kazi kuwatazama. Watu huniuliza ni mafuta gani bora, nami huwajibu kwamba hakuna mafuta bora, kuna mafuta ya gari lako. Lakini hilo mtalisoma kwenye kitabu. Lisiloandikwa kwenye kitabu ni kwamba fundi anayejua na kunyamaza ameweka mafuta mabaya kabla hajafungua bidoni.

Juma lililopita mmoja wa wale mafundi watatu, Espérance, alinipigia simu. Wakubwa wapya walimwambia aweke mafuta yaliyopo, ingawa si ya gari lile, gari liondoke.

“Ukafanya nini?” nilimuuliza.

“Nilikataa, mama. Wakaniamuru tena, nikakataa tena.”

Nikaanza kumweleza amtafute nani, aseme nini. Alinikatiza kwa adabu.

“Sikupiga kuomba shauri, mama. Nilitaka tu ujue. Mafuta yake yamefika leo asubuhi, na gari limeshapanda.”