Swila kwenye Mabua ya Shemeji

Nyoka wa kwanza niliyemkuta jikoni kwangu, kijijini Gendabi, alikuwa amejikunja ndani ya ungo. Nilikuwa nimenyoosha mkono niuchukue nipepete maharage, nikaona kitu cha kahawia kinasogea. Alikuwa mdogo, mwembamba, wa aina ile inayokula panya na isiyomdhuru mtu. Nilimbeba humo humo kwenye ungo, nikatoka naye, nikamrusha nje ya uzio. Kisha nikauosha ungo, nikapepeta maharage yangu.

Shemeji yangu alikuwepo siku hiyo. Ni kaka mkubwa wa mume wangu, mzee wa kanisa, na kiwanja chake kimepakana na chetu. Alikuwa amekuja kunywa chai, kama afanyavyo akisikia harufu ya maandazi. Nilipompita na ungo alipanda juu ya kigoda, kikombe mkononi, akabaki huko mpaka niliporudi. Aliposhuka alianza kunifundisha. Alisema nyoka hupondwa kichwa akachomwa moto, na mwanamke anayemwachia nyoka aende zake ana mapatano naye. Nilimwongezea chai. Kwetu mkubwa wa mume hajibiwi, na yeye hilo analijua vizuri kuliko anavyoijua Biblia anayotembea nayo kwapani.

Baada ya huyo wakaja wengine. Kenge alikula mayai ya kuku aliyekuwa ameatamia. Siku moja kinyonga alikuwa anatembea kwenye kamba ya nguo, na shemeji, baba mzima mwenye wajukuu, alizunguka kupitia shambani ili asipite chini yake.

Sababu ya wageni hao kila mwenye macho aliiona. Kila baada ya mavuno shemeji alirundika mabua ya mahindi ya ng'ombe wake kwenye uzio wetu, mbali kabisa na mlango wake na karibu kabisa na jiko langu. Panya walizaliana humo, na nyoka waliwafuata panya. Nilimwomba mume wangu azungumze na kaka yake. Alikwenda, akarudi akisema kaka alikuwa na wageni. Akaenda tena, akarudi akisema kaka hakuwa na nafasi. Mume wangu ni mtu mwema, lakini mbele ya kaka yake huwa kama nguo iliyoanikwa.

Shemeji alikuwa na maelezo yake mwenyewe. Alisema nyoka wale wanatumwa. Ng'ambo ya barabara alikuwa amehamia mama mmoja wa kabila la Wabarabaig, mjane, na ng'ombe wake wachache. Alikuwa ametuambia siku moja, bila kuficha, kwamba kwao nyoka wa namna fulani akiingia nyumbani hauawi, anaachwa atoke mwenyewe. Kwa shemeji hilo lilitosha. Alilipeleka kwenye jumuiya yetu ya kanisa, akalisema kwa sauti ya kusikitika, kama mtu anayelazimishwa na dhamiri. Wanawake waliokuwa wakinunua maziwa kwa yule mama wakaacha mmoja mmoja. Wengine walianza kununua maziwa yaliyochanganywa maji kutoka mbali, wakayanywa hivyo hivyo, wakijiona wameokoka. Mimi niliendelea kununua kwake. Hakuniuliza kwa nini wenzangu hawaji. Alikuwa anajua.

Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa nje nasugua masufuria. Shemeji alikuja kuchukua mabua ya ng'ombe wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akitazama pembeni. Akakamata mafungu mawili, akavuta. Nikamwona swila anainuka, mweusi, shingo imetanuka, karibu na kifua chake. Swila hakumwuma. Alimtemea mate machoni, akateremka upande wa pili, akapotea kwenye nyasi. Sijamwona tena mpaka leo.

Shemeji alianguka chini akijisugua macho kwa viganja. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Nilikimbilia ndani kutafuta maji, nikakuta ndoo ina maji kidogo tu chini, maana bomba lilikuwa halijatoa tangu juzi. Nilipotoka, yule mama alikuwa anapita na punda wake wawili, ametoka kisimani, na kisima kiko mbali. Alitazama mara moja tu, akakata kamba ya dumu la kwanza.

Mume wangu alitokea shambani, tukamshika shemeji mikono. Yule mama akapiga magoti, akamfunua kope kwa vidole vyake, akaanza kumimina. Shemeji aliposikia bangili zake zinagongana alimjua.

"Mtoeni huyu mwanamke," alisema. "Amemtuma nyoka, sasa anakuja kunimalizia."

Mume wangu aliniangalia mimi. Yule mama hakuacha kumimina.

"Shikeni kichwa vizuri," alisema. "Atukane tu, lakini asifumbe macho."

Alimaliza dumu hilo, akafungua lingine, mpaka maji yote ya punda wale yakawa tope chini ya mgongo wa shemeji. Ndipo tukamfunga kitambaa, na mume wangu akampeleka hospitali kwa bodaboda. Huko waliambiwa kwamba maji yale ya mwanzo ndiyo yaliyoyaokoa macho. Yule mama alikuwa ameshageuza punda, amerudi kisimani.

Siku chache baadaye shemeji alikuwa anaona kama sisi. Jumapili alikuja kanisani na miwani myeusi, akaomba nafasi ya kutoa ushuhuda. Alieleza jinsi adui alivyomtuma nyoka, jinsi yeye alivyomkemea kwa jina la Bwana, na jinsi alivyosikia maji ya baraka yakishuka usoni mwake kutoka juu. Kina mama walifuta machozi kwa kanga. Mimi sikumsikia akikemea, na nilikuwa karibu sana. Nilichokisikia ni kilio.

Nilimngoja nje, watu wakiwa bado wanasalimiana, nikamwuliza kwa heshima zote kwa nini hakumtaja mwenye maji.

"Mungu hutumia hata punda," alisema.

Watu kadhaa walicheka. Naye akatabasamu, akarekebisha miwani yake.

Nilirudi nyumbani sijisikii hata hasira. Mtu humkasirikia mtu anayemtegemea kuwa bora. Kesho yake asubuhi, jua likiwa limeshachomoza na kila mpita njia akiona, niling'oa nguzo za uzio palipokuwa na lundo, nikavuka barabara kumwambia jirani yangu alete ng'ombe wake. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia uzio ni wangu. Wale ng'ombe walikula lundo lile kwa siku mbili, na panya walitawanyika kila upande.

Shemeji alikuja amefura, hakuingia kwangu, akamwita mdogo wake nje. Niliacha kazi nikasimama mlangoni. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo kaka," alisema. "Mabua mengine weka kwako."

Alirudi ndani, akaomba uji.

Tangu hapo jikoni kwangu wamebaki mijusi. Habari za hospitali zilipoenea, kina mama wa jumuiya wakaanza kuvuka barabara tena na vyombo vyao, kwa uchangamfu, wakiuliza habari za ng'ombe na za mvua, kana kwamba walikuwa wamesafiri tu. Hakuna aliyesema samahani. Jirani yangu aliwapimia kila mmoja kipimo kilichojaa. Mimi nisingewapa hata povu.