Pua ya Wifi na Breka ya Arobaini

Watu walimwita Bi Testa, na msidhani jina hilo alipewa kwa heshima. Zamani, akiwa bado mwanagenzi karakanani, mkuu wake wa kazi alimwapia kwamba waya fulani hauna umeme, aushike tu asiogope. Yeye akachomoa testa ya kupimia umeme mfukoni, akagusa, kitaa chake kikawaka. Mkuu alicheka kicheko cha kujitetea, wenzake wakacheka cha kweli, na jina likamganda. Sasa ana miaka hamsini na mitano na bado ni Bi Testa.

Ni fundi umeme wa majumbani. Duka hana, ubao wenye jina lake hana. Ana mkoba wa turubai, ngazi ya kukunja na mdomo. Mdomo huo umemfukuzia wateja chungu nzima, kwa sababu ukimwonyesha soketi uliyoifunga mwenyewe hakwambii umejitahidi. Anakuuliza, "Humu ndani mnalala watu wangapi?" Halafu ana pua. Akiingia nyumba ya mtu hunusa kwanza, salamu baadaye. Wako wanaoona ni dharau. Wacha waone. Nyaya zikipata moto hutoa harufu kabla ya kutoa moshi, na pua ile imeokoa nyumba tatu ninazozijua mimi.

Sasa tazama bahati ya mtu. Asubuhi aliyoihitaji pua hiyo kuliko siku zote, alikuwa na mafua ya kufa mtu.

Simu ilipigwa saa tatu. Alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake mkubwa.

"Wifi, una kazi leo?"

"Nina mafua."

"Njoo hivyo hivyo. Na usimwambie mwanao."

Mwanao, maana yake mtoto wa kaka yake, kitinda mimba wa nyumba ile, karani wa ofisini mwenye miaka thelathini na nne aliyekuwa akiishi na mama yake. Bi Testa alimbandika jina la Mtaalamu, kwa kuwa hakuna jambo chini ya jua asilolijua baada ya kutazama video mbili. Miezi miwili nyuma Mtaalamu alinunua mashine mbili za kuchimba sarafu za mtandaoni, akaziweka chumba cha nyuma. Ni kompyuta za kazi moja tu, zinapiga hesabu mfululizo bila kupumua, zina feni zinazovuma kama kinu cha kusaga. Wifi mtu alipoambiwa zinachimba, aliingia na tochi kuangalia shimo liko wapi. Kisa hicho kilichekwa na ukoo mzima. Bi Testa hakucheka sana. Aliumia kwamba kijana alizifunga mwenyewe, na shangazi yake fundi anakaa mwendo wa dakika kumi. Alipomuuliza sababu, kijana alisema, "Shangazi, wewe una maneno mengi." Ni kweli anayo, lakini ukweli nao unauma jamani.

Alipofika, wifi alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kanga mbili na amekonda. Hakumkaribisha sebuleni. Alimshika mkono moja kwa moja hadi chumbani kwake, akafunga mlango, akamsimamisha karibu na kitanda.

"Unasikia?" akamuuliza.

Bi Testa akatega sikio. Ukuta wa pili ndio ulikuwa wa chumba cha mashine. "Nasikia. Zinanguruma kweli, wifi. Unalalaje humu?"

"Usiku anazizima, jirani walilalamika. Anaziwasha asubuhi akienda kazini, anazizima akirudi. Sikuulizi hizo. Nakuuliza, unasikia?"

"Nasikia nini kingine?"

Wifi alimtazama usoni, kisha akakaa kitandani kama mtu aliyesomewa hukumu, machozi yakaanza kumtoka kimyakimya. Bi Testa aliduwaa. Wamejuana miaka arobaini na mitano, wamegombania hadi sufuria, na hajawahi kumwona analia ila siku ya kumzika kaka yake.

"Basi ni kweli," wifi alisema. "Nilisema nikuulize wewe wa mwisho, maana wewe ndiye mwenye pua. Kama na wewe husikii, mafua au si mafua, basi kichwa changu kinaondoka."

Ndipo alipoyatoa yote. Wiki ya tatu sasa anasikia harufu chumbani mwake, mchana tu. Kamwambia mwanawe, naye kila akirudi jioni anazima mashine apate kuongea na mama yake vizuri, wanakula, kisha anaingia chumbani, ananusa kila kona, hakuna kitu. Amesogeza kabati kutafuta panya aliyekufa. Amefua mapazia. Hakuna. Mtoto wa watu hakumfokea hata mara moja, na hilo ndilo lililomtisha zaidi: alianza kumsemesha polepole, kwa sauti ya hospitali. Kisha siku moja alimsikia barazani akiongea na dada yake kwenye simu. "Mama ameanza," alisema. "Ameanza kama bibi." Na daktari wa mambo ya kichwa wameshampangia, Alhamisi.

"Mama yangu alianza na moshi," wifi akasema. "Unakumbuka? Alikuwa anasikia moshi na hakuna moto. Mwaka uliofuata akaniuliza mimi ni binti wa nani."

Bi Testa alikumbuka. Akapenga kamasi.

"Kwani wewe unasikia harufu gani?" aliuliza.

"Samaki. Cheka tu. Humu hajapikwa samaki mwezi mzima, na mimi nasikia samaki, tena kama aliyechacha."

Bi Testa hakucheka. Leso ikamdondoka.

"Samaki? Wifi, umesema samaki?"

"Ndiyo, samaki, sasa mbona unanito..."

"Ondoka kitandani! Ondoka, toka nje, twende!"

Alimburuza mama wa watu hadi ukumbini, akakimbilia boksi la breka lililo juu ya mlango wa mbele, akapanda juu ya kiti bila hata kuvua viatu na kushusha swichi kuu. Nyumba nzima ikanyamaza. Kule nyuma feni zikazunguka zikipungua, zikafa. Alibaki pale juu ya kiti anahema. Nitawaambia alichokijua, maana mafundi wengi hawakisemi. Zile plastiki ngumu za soketi na swichi zikiungua polepole hazinuki kama plastiki. Zinanuka samaki. Na mtu anayesikia samaki nyumbani kusiko na samaki hatafuti paka, anazima umeme.

Alifungua boksi. Breka ya soketi za nyuma, swichi ya kujikata umeme ukizidi, aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe wakati kaka yake angali hai, ilikuwa ya ampea ishirini. Sasa pale palikaa nyingine, mpya, inang'aa, ya arobaini.

"Ewe Mola," alisema. "Mtoto huyu!"

Walirudi chumbani. Alisubiri kidogo, akahakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, kama kawaida yake, ingawa swichi ameishusha mwenyewe. Wakakivuta kitanda wote wawili. Nyuma yake, usawa wa mto, palikuwa na soketi ambayo wifi hakuitumia hata siku moja. Bi Testa aliisogezea mgongo wa kiganja na kuurudisha upesi. Ilikuwa bado ya moto kama pasi. Alipofungua skrubu mbili, kifuniko kilitoka kimekunjamana, rangi ya chai ya rangi. Ndani waya ulikuwa umemenyeka wenyewe, na skrubu iliyolegea imezungukwa na weusi. Kitambaa cha ubao wa kitanda nacho kilishapauka duara upande ule.

"Waya unaokwenda chumba cha nyuma unapita kwanza hapa," alieleza. "Huna ulichochomeka, lakini umeme wote wa mashine ulikuwa unapita kichwani pako. Hapa palipolegea ndipo palipokuwa panaungua. Kila akiwasha, pananuka. Kila akizima ili akusikilize, panapoa. Akija kunusa, hakuna kitu. Sasa nusa."

Wifi aliinama, akanusa, akarudi nyuma ameziba mdomo.

"Ndiyo hiyo," akanong'ona. "Ndiyo hiyo hasa!"

"Basi kichwa chako kizima. Mimi ndiye sina pua leo."

Wifi alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka kicheko tena, na wakajikuta wamekumbatiana kati ya kitanda na ukuta, mavumbi yamewajaa, wanatikisana kama wasichana. "Sema tena," wifi akaomba. Bi Testa akasema tena. Alirudia mara nne, na angerudia hata hamsini.

Mtaalamu aliitwa kwa simu, akafika kabla ya saa sita, tai imekaa upande. Aliikuta soketi juu ya meza ya kulia, imewekwa kwenye sahani kama chakula chake cha mchana. Mwanzoni alijitetea.

"Shangazi, ile ya ishirini ilikuwa mbovu. Ilikuwa inaruka kila baada ya muda. Tangu niweke ya arobaini haijaruka hata mara moja!"

"Itarukaje? Umemfukuza mlinzi aliyekuwa anapiga kelele, ukaajiri kiziwi." Alimvutia kiti. "Kaa. Leo utasikia hayo maneno mengi. Mashine moja inakula wati ngapi?"

"Elfu tatu na mia tatu."

"Gawa kwa volti mia mbili na thelathini."

Kijana akatoa simu, akagawa. "Kumi na nne na kitu."

"Mbili ni karibu ishirini na tisa. Waya uliomo ukutani ni wa milimita mbili na nusu, ni wa redio, taa na pasi ya nusu saa. Breka hailindi mashine yako, mwanangu. Inalinda waya. Ikiruka inakwambia waya umechoka, nawe ukaikata ulimi. Pasi inawaka, inazimwa. Mashine yako inavuta umeme uleule kutwa, ndiyo maana mzigo wa namna hiyo haujazwi hadi juu. Breka ya ishirini usiipitishe ampea kumi na sita. Na kila mashine inataka njia yake peke yake kutoka kwenye boksi, waya mnene, usioungwa njiani, wenye ethi ya kupeleka hitilafu ardhini, na soketi ya kazi nzito. Kabla ya hapo unauliza kama laini inayoingia nyumbani inaubeba mzigo wote huo pamoja na jiko na friji. Ekstensheni unayo?"

"Ninayo moja," kijana alisema kwa sauti ndogo. "Imekunjwa nyuma ya mashine."

"Imekunjwa! Si ndiyo inajichemsha yenyewe! Itupe."

Mtaalamu aliichukua ile soketi, akaigeuza, akautazama ule weusi, kisha akauinua uso kumtazama mama yake aliyekaa upande wa pili wa meza. Ndipo lilipomwingia lile aliloambiwa kwenye simu, la usawa wa mto.

"Mama, ungeungua ukiwa umejinyoosha mchana pale, na mimi nakwambia hakuna kitu."

"Sikuungua," mama alisema.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini kuna watu uliowaambia."

Kijana akaelewa. Alimpigia dada yake mkubwa, akaweka sauti ya nje kama alivyoamriwa, simu katikati ya meza. Akaeleza kisa kizima tangu breka, na alipofika mwisho akasema mama yuko salama, kulikuwa na hitilafu ya umeme.

"Hapana," mama akamkatiza. "Anza na wewe."

Kijana akaisogelea simu. "Dada, mimi ndiye niliyekosea. Mama alikuwa sahihi siku zote. Hana ugonjwa wowote. Alhamisi haendi popote."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu mzima anayelia kwa furaha. Bi Testa akajifanya anatafuta bisibisi ndani ya mkoba.

Baada ya dada alipigiwa mjomba, na baada ya mjomba, mama mdogo. Walipomaliza, wifi aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kijidaftari cha shule, akamwekea mwanawe mbele.

Kijana alifungua. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, na chini yake majina ya watoto wanne na wajukuu tisa, yamepangwa kwa kuzaliwa, mwandiko uleule, siku baada ya siku, wiki tatu.

"Nilikuwa najipima kila asubuhi kabla hujaamka," mama alisema. "Nilijiambia siku nitakayolikosa jina lako ndiyo nitakayokubali mnipeleke. Angalia mwenyewe kama kuna siku nimekosa."

Mtaalamu alipitia kurasa zote, moja moja, kidole chake kikishuka hadi jina lake. Hakukuta siku hata moja.