Neno la Baba Eliya Uwanjani

Nakumbuka siku moja ya Desemba, mwanangu, na kabla sijaisimulia nitawataja waliokuwepo, maana kila mmoja ana sehemu yake. Alikuwepo Onesmo, mdogo wangu, amesimama golini. Alikuwepo Ombeni, kitinda mimba wetu, amepanda juu ya ukuta wa choo cha shule ili aone vizuri. Alikuwepo Rehema, anayenifuata mimi kuzaliwa, aliyetoka kwa mume wake, kule Kwa Sadala, na mtoto mgongoni. Alikuwepo Bibi Manka, jirani yetu mzee, ameketi kwenye kigoda alichobebewa na wajukuu zake. Alikuwepo kocha mmoja kutoka mjini, mwenye kofia nyeupe, ambaye hakumsalimia mtu. Alikuwepo Baba Eliya na kipaza sauti chake. Na mimi nilikuwepo, nyuma ya goli la mdogo wangu, na ndoo ya maziwa ambayo sikupata nafasi ya kuiosha. Waliobaki walikuwa umati, na huo umati ndio hasa unaonifanya nikuandikie.

Sisi tulikuwa watoto wanne. Mama alitangulia, baba naye hakukaa sana akamfuata. Nilikuwa darasa la sita. Wajomba na mashangazi walikaa kikao wakitaka kutugawana, mmoja aende huku, mwingine kule, nikasema hapana, hawa nitakaa nao mimi. Sikurudi shule tena. Asubuhi nilikamua ng'ombe, nikateremka na maziwa hadi Rau, nikapandisha mlima na pumba kichwani. Sikuambii haya ili unionee huruma. Nataka ujue Onesmo alikuwa nani kwangu.

Siku tulipomzika mama, pale kihambani nyuma ya nyumba, kati ya migomba, Onesmo alikuwa hajaanza hata shule. Jeneza lilipoanza kushushwa alilishika kwa mikono yote miwili akakataa kuachia. Wanaume walimbembeleza, mchungaji akasimamisha maombi, mtoto hakuachia. Aliyeweza kumbandua, kidole kimoja kimoja, ni Baba Eliya, na alifanya hivyo huku machozi yanamtiririka. Kisha akambeba begani mpaka jioni. Baba Eliya alikaa ng'ambo ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka juu na kugawa vitongoji vyetu viwili. Baada ya msiba alituletea mkungu wa ndizi mara nyingi bila kubisha hodi; tulikuwa tunaukuta tu barazani. Kwa hiyo usije ukafikiri ninamsimulia mtu mbaya.

Unajua jinsi Old Moshi inavyokuwa Desemba. Wote walioko Dar, Arusha na kwingineko wanarudi nyumbani, barabara inajaa magari, na kabla ya Krismasi lazima kitongoji cha juu kicheze na kitongoji cha chini katika uwanja wa shule. Anayeshinda anachukua mbuzi, lakini mbuzi huyo analiwa na wote, walioshinda na walioshindwa, wakiendelea kuzomeana mpaka mifupa iishe. Sisi tulikuwa wa chini. Baba Eliya alikuwa wa juu, na kila mwaka yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti, kwa sababu hakuna aliyeweza kuchekesha watu kama yeye.

Mwaka ule mechi ilikuwa na uzito mwingine. Onesmo alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, na mimi sikuwa na namna. Kitu alichojua ni kudaka. Yule kocha wa mjini alikuwa amesikia habari zake akasema atakuja kumtazama. Akiridhika, Januari atamchukua kwenye timu yake na kumpa mahali pa kulala. Onesmo hakulala vizuri wiki nzima. Aliniambia, "Dada, nikipata hii, Ombeni ataendelea na shule. Nitamsomesha mimi." Mlango mwingine hatukuuona.

Mechi ilianza kwa furaha. Wanaume waliotoka Dar walihema kabla ya robo saa, na Baba Eliya akawaka.

"Wa Dar hao! Mmezoea kupanda lifti, mlima umewashinda! Mpeni maji huyo, anataka kufia ugenini, kumbe ni kwao!"

Watu walicheka. Akamgeukia refa.

"Refa, hiyo filimbi au pipi? Mbona unainyonya tu?"

Onesmo naye hakuwa mnyonge wa maneno. Alidaka shuti kali la kona, akasimama na mpira kifuani, akapaza sauti kuelekea upande wa kipaza sauti.

"Shikamoo, Baba Eliya! Mbege ya leo imekolea, eti? Unaona mipira miwili!"

"Marahaba! Naiona mitatu, mwanangu, na yote inaingia!"

Hata kocha mwenye kofia nyeupe alitabasamu. Nilimwona. Nilisema moyoni, Mungu wangu, leo huenda tukapata. Huo ndio utani, mwanangu, na ulikuwa mtamu. Mchezaji anapigwa neno, anarudisha neno, kila mmoja anabaki mzima.

Kipindi cha pili ukungu ukashuka kutoka msituni, majani yakalowa, mpira ukawa unateleza kama sabuni. Mchezaji mmoja wa juu akapiga shuti la kawaida tu, la kumwangukia kipa mikononi. Onesmo akalidaka, likamponyoka, likapita katikati ya miguu yake, likaingia.

Upande wa juu walilipuka. Baba Eliya alikuwa ameshasema mengi siku ile na watu walikuwa wakimtazama mdomoni, wanangoja. Akasema.

"Mikono ile ile! Jamani, mikono ile ile iliyoshindwa kumshika mama yake!"

Waliokuwepo kwenye mazishi walinyamaza. Nakumbuka Bibi Manka alivyoshusha kichwa. Lakini wageni, na vijana waliokuwa bado wadogo wakati ule, hawakujua chochote. Wao walisikia neno lenye mdundo likitoka kwenye kipaza sauti, wakacheka kwa sababu kila neno la Baba Eliya lilikuwa la kuchekwa. Kisha vijana fulani wakaanza kupiga chupa kwa mawe na kuimba: "Mshike mama! Mshike mama!" Kila mpira uliporudi upande wetu, wimbo ukapanda.

Na juu ya ukuta wa choo, Ombeni wetu naye alikuwa anacheka. Alikuwa mchanga mgongoni siku ile ya mazishi, hakujua jeneza lilishikwa na nani. Alicheka kwa sababu wengine walicheka. Onesmo aliinua macho akamwona.

Sijui kama nimewahi kuona kitu cha kuumiza kama kilichofuata. Beki wetu alimrudishia Onesmo mpira, taratibu, mpira ambao hata mtoto angeuokota. Onesmo aliweka mikono nyuma ya mgongo. Akasimama hivyo, akautazama mpira ukija, ukampita, ukaingia golini. Hakulia wala hakumtukana mtu. Aligeuka akapita pembeni yangu bila kunitazama, akashika njia ya nyumbani.

Kocha alikuwa tayari anaelekea kwenye gari. Nilimkimbilia na ndoo yangu mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Tafadhali, kijana ametukanwa. Ametukaniwa marehemu mama yetu."

"Marahaba. Dada, pole sana," alisema, na nadhani kweli alinionea huruma. "Lakini mjini watamtukana zaidi ya hapo, na mimi sitaweza kuwafunga midomo. Kipa akishaweka mikono nyuma, nitamfanyia nini?"

Akaondoka. 

Kesho yake asubuhi, nikiwa nakamua, niliona watu wawili wanavuka mfongo. Alikuwa Baba Eliya, na mbele yake Bibi Manka akijikongoja na fimbo. Baba Eliya ameshika jani la isale. Nyinyi wa mjini mnaliona kama pambo la mipaka ya shamba, lakini kwetu Wachagga mtu aliyekukosea akija na jani la isale, humfukuzi. Hata awe amekumwagia damu, unalipokea jani, unamsikiliza, kisha unampa jibu lako. Ndivyo tulivyolelewa.

Onesmo alitoka ndani. Akasema, "Shikamoo, Baba Eliya." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Marahaba, mwanangu." Yule mzee wa maneno mengi alitafuta maneno akayakosa. Mwishowe akasema, "Nilikuwa natafuta la kuchekesha. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikachukua lililokuwa karibu na moyo wangu, nikalitupa. Sijawahi kuisahau siku ile, wewe na mikono yako. Nililitunza kwa huruma, halafu nikalitoa kwa mzaha. Nisamehe."

Akanyoosha jani. Onesmo hakunyoosha mkono. Alinitazama mimi.

"Dada, wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii. Pokea wewe."

"Na nimjibu nini?"

"Mwambie nikiweza, nitasema."

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikalipokea. Nikasema, "Baba Eliya, jani tumelipokea. Jibu litakuja." Ni mimi niliyesema. Nilifikiri litakuja kabla ya mwaka mpya.

Bibi Manka hakugeuka kuondoka. Vijana kadhaa wa kitongoji cha juu walikuwa wamesimama ng'ambo ya mfongo wanachungulia, wale wale wa chupa na mawe. Akawaelekezea fimbo.

"Huyu alisema mara moja, na amekuja na jani lake. Nyinyi mlioimba mpaka sauti zikakauka, majani yenu yako wapi?"

"Bibi, sisi tulikuwa tunacheka tu," mmoja alijibu.

"Neno la mtu mmoja lingeanguka chini pale pale. Nyinyi ndio mliolibeba mkalitembeza uwanja mzima. Haya, nileteeni hayo majani."

Walitazamana, wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeleta, si siku ile wala baadaye. Nafikiri hawakukataa, hawakuona tu kwamba yanawahusu. Ombeni peke yake, aliyekuwa amekaa jikoni bila kula tangu Rehema amweleze jana habari za jeneza, ndiye aliyetoka akamwinamia kaka yake mpaka chini. Onesmo alimshika kichwa. Huyo alimsamehe hapo hapo.

Mwezi uliofuata Onesmo aliondoka, akaenda kubeba mizigo ya wageni wapandao mlima, kwenye lango la upande mwingine wa mlima, mbali na sisi. Ombeni alisoma kwa jasho hilo, kwa hiyo Onesmo aliitimiza ahadi yake, ila kwa mgongo badala ya mikono. Sasa ni mtu mzima mwenye mke na watoto. Hupiga simu, huniuliza ng'ombe wanaendeleaje, huniuliza mvua. Mpira hauulizi. Na Desemba, watu wote wakirudi, yeye haji.

Baba Eliya hakushika tena kipaza sauti. Walimbembeleza mwaka uliofuata, akasema kifua kinamuuma.

Nimekuandikia haya kwa sababu nimesikia mmejipanga kwa mechi ya mwaka huu, na wajukuu zangu wamenionyesha kwenye simu mambo mnayoandikiana huko kwenye makundi yenu. Mengine yamenichekesha, kweli. Lile la beki anayekimbia kama anatafuta kiatu chake limenichekesha mpaka nikakohoa. Lakini nimeona pia mmoja ameandikiwa habari za ndoa ya wazazi wake iliyovunjika, na mwingine habari za mtoto wake aliyefariki, na chini yake mistari na mistari ya watu wanacheka.

Mwanangu, mtanie mchezaji kwa anachokifanya pale uwanjani. Mcheke akikosa penalti, mcheke tumbo lake, kaptula yake, mwendo wake. Naye akurudishie, mcheke pamoja. Lakini alichokizika, alichokilia, alichokuambia kwa siri au ulichokiona nyumbani kwake siku ya msiba, hicho usikipeleke uwanjani hata kama umati wote unakutazama mdomoni. Sisi huku tumezikana, tunajuana mno. Ndiyo maana wa karibu anapotutukana hakosei mahali pa kupiga.

Na wewe usiyesema kitu, uliyesimama tu katikati ya watu, sikiliza kwanza ndipo ucheke. Ukiona umeshacheka na baadaye ukaelewa, usiseme mlikuwa wengi. Nenda kwa mwenyewe, peke yako, kabla hajahama.

Nawe mchezaji, likikupata neno la namna hiyo, njoo kwa wakubwa wako ulie. Usiweke mikono nyuma. Sisi tupo.

Mungu akulinde miguu na mikono, akupe sauti ya kushangilia na moyo wa kujua pa kunyamaza, akurudishe salama kwenu kila Desemba ukute wote wanaokusubiri wapo.

Mimi bado nadaiwa jibu la watu. Baba Eliya sasa ni mzee sana, hutembea kwa kushika ua. Tukikutana kwenye njia ya kanisani namwamkia, naye huniuliza, "Kijana hajambo?" Namjibu, "Hajambo, baba." Hasogei. Anasubiri kidogo, ananitazama usoni, kisha anaendelea na safari yake. Juzi nilipiga simu, nikamwambia Onesmo kwamba mzee amedhoofika, kama kuna la kusema alitume sasa. Aliniuliza kwanza kama mvua imenyesha.

Kisha akasema, "Dada, bado."